Mkungu wa Ndizi Uliouzwa Mara Nne



Tangu turudi kutoka Bara wengi wenu mmekuwa mkituuliza khabari za safari yetu. Wengine mwauliza bei ya chai, wengine mwauliza baridi, na mzee mmoja alitusimamisha njiani akataka kujua kama ni kweli kwamba huko watu huvaa makoti mchana. Ni kweli, huvaa, na sisi tuliazimwa moja. Lakini jambo tulilorudi nalo, ambalo tumeona haifai kulificha mfukoni, si la chai wala si la makoti. Ni jambo la wazazi na skuli za watoto wao, na namna wanavyochanga fedha bila ya kugombana. Tumeliandika kwa urefu kidogo, na tunawaomba mlisome mpaka mwisho, kwa kuwa mwisho wake unatuhusu sisi wenyewe na ule ukuta mnaoujua.

Nchi yenyewe

Tukuyu ndio mji mkuu wa wilaya ya Rungwe, katika mkoa wa Mbeya. Atokaye Mbeya mjini husafiri kiasi cha kilometa 70 kuelekea kusini, kwa njia ile inayoteremka mpaka Kyela na mpaka wa Malawi. Zama za Wajerumani mji huu uliitwa Neu Langenburg, jina ambalo leo hulikuti isipokuwa vitabuni. Juu yake umesimama mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu meta 3,000, na mvua inyeshayo huko kwa mwaka hupita milimita 2,000. Sisi watu wa visiwani twajidai kuwa twaijua mvua. Tulipolala Tukuyu usiku wa kwanza tukaisikia inavyopiga bati, tuliacha kujidai.

Ardhi yao ni nyeusi na ina rutuba, kwa kuwa imetokana na milima iliyotoa moto zamani. Hulimwa chai, kahawa, viazi, maharage, na siku hizi maparachichi, lakini kilicho juu ya vyote ni mgomba. Nyumba huzioni mpaka ufike mlangoni. Wenyeji ni Wanyakyusa. Ndizi za kupika wao huziita mbalaga, na mgeni hapewi ruhusa ya kuondoka kabla hajazila. Ukisha kushiba husema "ndaga fijo", ndiyo ahsante sana, na hapo huongezwa sahani ya pili.

Tulikwenda kuwatazama wakulima wadogo wa chai, wanavyojipanga katika chama chao, wanavyopima majani mabichi na wanavyolipana. Siku ya tatu, Jumamosi, mwenyeji wetu hakutupeleka shambani. Alitwambia, "Chai mtaiona Jumatatu. Leo ni siku ya wazazi shuleni, na mimi nisipokwenda nitaulizwa." Basi tukafuatana naye. Na tunaomba radhi kwamba katika khabari hii tutasema "shule" tukizungumza ya huko na "skuli" tukizungumza ya kwetu, maana kila mtu na lugha ya nyumbani kwake.

Desturi ya tangu kale

Kabla ya kuwasimulia siku ile, yafaa mjue kwamba kuwajengea watoto si jambo jipya kwa watu wale. Mwanamke mmoja wa Afrika Kusini, Monica Wilson, alikaa nao yeye na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 akatoa kitabu juu yao. Aliandika kwamba zamani mtoto wa kiume wa Kinyakyusa akifika umri wa miaka kumi au kumi na moja hakulala tena nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika lake walipewa mahali pembeni, wakajenga vibanda vyao, na kijiji chao kikakua pamoja nao. Walipokuwa watu wazima hufanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka, na katika sherehe hiyo wazee huwakabidhi vijana nchi, nao wazee hujiweka kando.

Tena wana neno lao moja, ukwangala. Maana yake ni kukaa pamoja na jirani, kula pamoja na kuzungumza kwa furaha. Kwao mtu hahesabiwi kuwa muungwana kwa mali aliyonayo tu. Huulizwa pia, je, mtu huyu hukaa na wenzake? Tulipoona wanavyochanga fedha za shule tulifahamu kwamba uchangaji wao umeota juu ya neno hili.

Shule za kusoma na kuandika zilifika kwao na wamisionari, Wamoravian na Waberlin, ambao wote waliingia nchi ile mwaka 1891. Serikali ya Waingereza ilipokuja ilisaidia shule chache, lakini mlango ulikuwa mwembamba. Katika miaka ya 1950 mtoto wa Tanganyika alisoma madarasa manne, kisha akafanya mtihani, na wengi kabisa waliishia hapo. Hata mwaka wa Uhuru, 1961, wanafunzi wa sekondari katika nchi nzima ya Tanganyika walikuwa kiasi cha 12,000 tu.

Wazazi hawakukaa kimya. Mwaka 1955 kiliundwa chama cha wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika, watu wakakiita TAPA kwa herufi zake za Kiingereza. Chama hiki kilikuwa bega kwa bega na TANU, na kazi yake ilikuwa kufungua shule pale ambapo serikali ya kikoloni haikufungua. Zilikuwa shule za udongo na nyasi, mwalimu akilipwa kwa senti za wanakijiji. Baadaye chama hicho kikawa Jumuiya ya Wazazi ndani ya Chama cha Mapinduzi, na kwa miaka mingi kilimiliki shule nyingi za sekondari huko Bara. Basi mtu akikwambia kwamba umoja wa wazazi umeletwa na wafadhili wa juzi, mwambie una umri mkubwa kuliko Uhuru.

Mchango ulipogeuka deni

Khabari haikuwa njema siku zote. Mwaka 1974 ulikatwa shauri Musoma kwamba kila mtoto wa Tanzania aingie darasa la kwanza, na mwaka 1977 ndio ulioshikwa kuwa mwaka wa kulitimiza. Watoto wakajaa, madarasa hayakutosha. Ada ikaondoshwa, ikarudi, ikaondoshwa tena katika shule za msingi mwaka 2001. Lakini ada ikitoka kwa mlango wa mbele, michango iliingia kwa mlango wa nyuma: mchango wa dawati, wa mlinzi, wa mtihani, wa ujenzi. Uliitwa mchango, lakini asiyeutoa mwanawe alirudishwa nyumbani. Jambo la hiari likawa deni, na mdaiwa akawa mtoto.

Kwa hiyo kuanzia Januari 2016 Serikali ilikataza ada na michango ya lazima katika shule zake, toka elimu ya awali mpaka kidato cha nne. Ikawa yapeleka fedha shuleni yenyewe, kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Januari 2018 Rais Magufuli akakaza zaidi. Alisema mwalimu asishike fedha ya mchango hata kidogo, na mwenye kutaka kusaidia kwa hiari yake aipeleke halmashauri kwa mkurugenzi. Na mwaka 2021 Serikali ikajenga madarasa 15,000 nchini kwa mkupuo mmoja.

Mtu atauliza, basi wazazi wamebakiwa na kazi gani? Nasi tuliuliza hivyo hivyo. Mwenyeji wetu alitujibu, "Serikali imejenga darasa. Je, mtoto anywe nini saa nne?" Sare, madaftari na chakula cha mchana ni juu ya mzazi. Tena kila shule ina upungufu wake mdogo mdogo ambao barua yake ikienda wilayani hukuta mbele yake barua nyingine mia. Shule tuliyokwenda ilikosa tangi la maji. Mvua yote ile tuliyowatajieni, na watoto hushuka bondeni na ndoo asubuhi kuteka maji ya uji! Walikuwa na paa zuri la bati, lakini halikuwa na mifereji wala pa kuyaweka maji. Siku ile ilikuwa ya kutafuta tangi, na kibali cha kuchangisha kilikuwa kimekwisha kuombwa na kupatikana.

Siku ya wazazi

Tulifika saa tatu tukakuta uwanja umejaa. Watoto waliimba, wakasema ngonjera, na wa darasa la nne walifanya hesabu za kichwa mbele ya baba zao. Baba wengine walikuwa wakihesabu kwa vidole chini ya meza. Kisha wazazi wanaume wakacheza mpira na vijana wa darasa la saba, wakafungwa mabao mawili bila. Akina mama walikuwa wamepika tangu alfajiri, nao waliuza chakula kwa sahani. Hapakuwa na kiingilio. Hili tuliliangalia sana. Aliyekuwa na fedha na asiyekuwa nayo wote waliingia na kuketi, na waliokaa viti vya mbele walikuwa vikongwe.

Baada ya chakula ulianza mnada. Mzee mmoja mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alisimama juu ya benchi. Vitu vililetwa: jogoo, debe la maharage, gunia la viazi, mayai kumi katika kikapu, mkeka. Kisha ukaletwa mkungu wa ndizi, mzuri, uliobebwa na vijana wawili. Mwenye duka akaununua kwa shilingi 15,000, akatoa fedha, akasema, "Nimeurudisha, uuzwe tena." Watu wakapiga makofi. Dereva wa lori akaununua kwa 12,000, naye akaurudisha. Vijana wa pikipiki wakanong'onezana, wakachanga, wakaununua kwa 10,000, wakaurudisha. Mara ya nne bibi mmoja aliyevaa kitenge kilichopauka akainua mkono akasema, "Elfu sita." Yule mzee wa mnada akatazama huku na huku. Mwenye duka alikuwapo, dereva alikuwapo, na fedha walikuwa nazo, lakini hakuna aliyefungua kinywa. Mnadi akapiga benchi kwa fimbo mara tatu, na bibi akapewa mkungu wake. Vijana wakambebea mpaka kwake.

Mkungu mmoja ulileta shilingi 43,000, na mwisho wake ukaliwa na aliyeuhitaji. Sisi tuliokulia katika mambo ya kununua na kuuza tulikaa tukilifikiri jambo hili. Lau mnada ule ungekuwa wa kusaka bei tu, bibi yule angepitwa. Lakini watu wale walikuwa wakikaa pamoja, nao walijua wapi pa kunyamaza.

Daftari

Sasa twafika penye kiini cha khabari. Kila kitu kilipouzwa, mweka hazina, mama wa makamo ambaye wote walimwita Juba, yaani Mama, alikariri kwa sauti jina la kitu na bei yake. Msichana wa darasa la sita aliandika kwa chaki ubaoni, na Juba akaandika daftarini. Watu mia kadhaa waliona hesabu ikikua mstari kwa mstari. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi mbali kidogo, mikono mapajani, wala hakugusa hata senti. Alitwambia kwa kucheka kwamba tangu aondolewe fedha mikononi amepata marafiki zaidi.

Mnada ulipokwisha hesabu ilijumlishwa mbele ya watu, wakatia sahihi watatu: Juba, mwenyekiti wa wazazi, na mzazi mmoja aliyechaguliwa pale pale kutoka katika mkutano, asiyekuwa na cheo chochote. Huyu wa tatu hubadilika kila mara, ili baada ya miaka michache wazazi wengi wawe wamekwisha kuiona fedha ikihesabiwa kwa macho yao. Kisha jumla ikabandikwa katika ubao wa matangazo wa shule.

Kabla ya hapo, jambo la kwanza asubuhi ile, mwenyekiti alikuwa amesoma matumizi ya mchango wa mwaka uliopita, uliokuwa wa kujenga jiko. Risiti za dukani zilipitishwa mkono kwa mkono. Kijana mmoja akasimama akasema, "Hapa naona kilo tatu za misumari. Mimi nilipiga misumari siku ile, tulitumia mbili." Tulidhani patakuwa na maneno. Mwenyekiti akajibu kwamba kilo ya tatu imo stoo, akamtuma mtoto aende kuileta, ikaletwa, ikawekwa mezani. Kijana akakaa. Hakuna aliyemwambia ana fitina, wala hakuna aliyemwuliza yeye ametoa shilingi ngapi.

Tena tulipewa daftari tulitazame. Tuliona majina, na mbele ya kila jina kitu alichotoa: shilingi elfu mbili, mawe toroli nne, siku mbili za kuchimba, debe la mahindi, maji ndoo kumi. Vyote vimeandikwa katika safu moja, kwa wino mmoja. Aliyechimba hakuwekwa chini ya aliyetoa fedha. Na majina ya wasiotoa kitu hayasomwi popote. Tulipouliza kwa nini, Juba alitusimulia kisa chake.

Kabla ya mwaka 2016, alisema, alikuwa na binti katika shule nyingine, mbali kidogo na pale. Ulikuja mchango, naye hakuwa nao kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa. Binti akarudishwa nyumbani siku ya kwanza. Akarudishwa ya pili. Siku ya tatu mtoto hakuvaa sare. Alichukua kikapu akaenda kuchuma chai ya watu, na shule ikawa imekwisha. "Mtoto hana mfuko," Juba alitwambia. "Kwa nini adaiwe yeye?" Wazazi walipomwomba awe mweka hazina alikubali kwa sharti moja, kwamba habari ya mchango isitajwe kamwe mbele ya mtoto, wala darasani, wala mstarini asubuhi. Siku litakapotajwa, yeye ataweka daftari mezani na kwenda zake. Mpaka siku tuliyofika lilikuwa halijatajwa.

Chama cha wakulima na skuli

Mwajua kwamba tulikwenda kwa ajili ya chai, basi na hilo tuliseme kidogo kwa kuwa lina sehemu yake hapa. Wakulima wadogo wa Rungwe wana chama chao, na majani yao wamekuwa wakiyauza kwa kampuni ya Wakulima, yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli, ambayo chama hicho kilipata hisa ndani yake. Chai hiyo iliingia katika mapatano yaitwayo ya biashara ya haki, ambayo mnunuzi wa ng'ambo hutoa nyongeza juu ya bei, na nyongeza hiyo hagawiwi mtu mmoja mmoja bali wakulima hukata shauri pamoja itumike kwa kazi gani. Katika kazi zilizofanywa kwa fedha hiyo zimo madarasa na zahanati.

Kwa hiyo huko mkulima wa chai na mzazi wa shule ni mtu mmoja mwenye kofia mbili. Akiwa katika chama husema, "Skuli zetu zina shida." Akiwa shuleni husema, "Chama chetu kitataka kuona hesabu." Mkono huu huosha ule. Na sisi je? Tazameni daftari la wanachama wetu. Ni wangapi kati yenu wasio na mtoto au mjukuu skuli?

Ukuta wetu

Twajua kwamba hapa kwetu mambo ni mbali na ya Bara. Zanzibar elimu ilitangazwa kuwa bure tangu mwaka 1964, na desturi yetu mwaijua: wananchi hujenga kuta kwa nguvu zao mpaka zifike kwenye linta, kisha huomba msaada wa kuezeka na kumalizia. Ni desturi njema, na skuli nyingi tulizosoma sisi zilianzia hivyo.

Lakini upo ukuta mmoja. Hatuutaji mahali, maana kila mwanachama wa upande ule huupita akienda kuanika karafuu. Ni wa vyumba viwili, umefika kwenye linta, na una miaka saba. Ndani yake umeota mpapai, na mwaka jana mpapai ule ulizaa. Mlichanga baada ya msimu mzuri, wengine mlitoa fedha, wengine karafuu kavu, wengine mlibeba mawe kutoka pwani kwa vichwa vyenu. Kisha kazi ikasimama, na tangu siku hiyo mtu akitaja mchango wa skuli hujibiwa kwa neno moja: "Ukuta."

Watu wamesema mengi. Wapo wasemao fulani kala. Sisi hatusemi kwamba mtu kala, kwa sababu hatujui, na hilo la kutojua ndilo ovu lenyewe. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Hawakusema huibiwa, walisema hupotea. Fedha ikipotea bila khabari, mwizi na mwaminifu huvaa kanzu moja, wala huwezi kuwatenga.

Tena hapana budi tuseme la kutuaibisha. Katika kamati ile sisi tulikuwamo, na daftari lilikuwa mikononi mwetu. Miezi mitatu ya mwanzo tuliandika vizuri. Ulipoingia msimu wa pili tukashughulika na mizani na magunia, na kila aliyeleta fedha au saruji tukamwambia, "Tutaandika jioni." Jioni hatukuandika. Daftari likakaa juu ya kabati. Kurasa zake za mwisho ni nyeupe mpaka leo. Mlipokuwa mkiulizana nani kala, sisi tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kuliwatia wenzetu katika tuhuma ambazo huenda hawakustahiki. Tulipomwona yule kijana wa Rungwe akiuliza misumari yake, na mtoto akatumwa stoo, tuliona haya mbele ya watu tusiowajua.

Tuliporudi tulilishusha daftari lile. Kwa siku nne tulikaa na risiti zilizosalia, tukaenda kwa wenye maduka, tukawauliza mafundi, tukaandika kila kilichoweza kuandikwa kwa haki. Hesabu imejulikana sehemu kubwa. Limebaki pengo la mifuko kumi na moja ya saruji ambayo hatujui ilikwenda wapi. Hatukuliziba pengo hilo kwa maneno. Limeachwa wazi katika ukurasa, na wote mtaliona.

Shauri letu

Tunawawekea mbele yenu mambo haya, myafikiri kabla ya mkutano:

Kwanza, hesabu ya ukuta isomwe yote hadharani, pamoja na pengo lake, kabla hapajaombwa hata shilingi moja. Ikiwa mkutano utaona kwamba sisi hatufai tena kushika daftari la skuli, tutalikabidhi siku hiyo hiyo bila ya kinyongo.

Pili, wazazi wachague mweka hazina wao wenyewe, asiwe mwalimu wala asiwe katibu wa chama hiki. Twaona mwanamke angefaa, kwa kuwa ndio wanaokwenda skuli mtoto anapougua na ndio wanaojua nani nyumbani kwake hakuna kitu. Na kibali cha kuchangisha kiombwe kwa wenye mamlaka kabla ya neno la kwanza kutoka.

Tatu, badala ya kupita nyumba kwa nyumba na orodha, iwepo siku moja ya wazazi kila mwaka, baada ya uchumaji, wakati watu wana nafasi na wana chochote. Watoto wasome mbele ya wazazi wao, akina mama wapike, na kuwe na mnada. Ndizi tunazo, kuku tunao, mikeka ya kwetu ni mizuri kuliko ile tuliyoiona. Kiingilio kisiwepo.

Nne, kila kitu kitolewacho kiandikwe pale pale mbele ya watu, mawe na siku za kazi katika safu moja na fedha. Neno "jioni" lisikubaliwe.

Tano, na hili tunalisema kwa nguvu kuliko yote, asitajiwe mtoto. Asirudishwe, asisimamishwe, asiulizwe baba yake ametoa nini. Mwenye kuvunja sharti hili atolewe katika kamati hata akiwa ndiye mtoaji mkubwa kuliko wote.

Mtu aweza kusema kwamba sisi si Wanyakyusa na nchi yetu si ya ndizi. Ni kweli. Lakini neno lao la ukwangala halihitaji baridi ili liote. Wakati wa uchumaji sisi hukaa chini ya mkarafuu mmoja tukachambua karafuu na makonyo hata usiku, tukicheka, na hakuna anayehofu kwamba mwenzake ataficha konzi mfukoni, kwa sababu kila mmoja aiona mikono ya mwenzake. Hiyo ndiyo khabari yote. Tuitie fedha ya skuli katika mwangaza ule ule.

Mkutano utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri, pale pale penye ukuta, si ofisini. Tumemwomba mwenye shamba la jirani atuazime majamvi. Mpapai hautakatwa mpaka mkutano ukate shauri, maana nao una watu wake siku hizi. Na yeyote mwenye risiti ya saruji ya mwaka ule, hata ikiwa imeliwa na panya upande mmoja, tafadhali aje nayo.

Sisi, Katibu wenu.